Kiti cha Hakimu Jeshini

Adu iko Magarini, katika pwani ya Kenya, kaskazini mwa Mto Sabaki, katika nchi ambayo mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama waihame. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, walioapisha watu wakatae amri za serikali, walikuwa wamekamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa Kisii. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti 1914 Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti, kisha askari wa King's African Rifles wakachoma nyumba na kutwaa mbuzi. Mwishowe kabila zima likatozwa rupia 100,000. Mwenye bunduki ndiye aliyekuwa hakimu.

Jeshi hilo ndilo lililozaa jeshi la Kenya huru. Chini ya sheria ya 1968, mahakama ya kijeshi iliongozwa na ofisa, na mwanasheria alikaa kando kama mshauri tu. Askari alihukumiwa na wakubwa wake. Ubaya wa mpango huo ulionekana baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, aliyekimbilia Tanzania, alirudishwa, akahukumiwa kifo na kunyongwa 1987. Kamanda wa jeshi la anga, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne kwa kutouzuia uasi. Baada ya miaka mingi mahakama ya kiraia ilikubali kwamba haki zake zilikiukwa.

Urusi ilianza kurekebisha mahakama zake za kijeshi mapema zaidi. Mwaka 1867, waziri wa vita Dmitry Milyutin aliingiza mawakili wa utetezi na kesi za hadharani katika mahakama za kijeshi. Lakini 1906, nchi ilipotikiswa na machafuko, serikali ya waziri mkuu Stolypin iliwafikisha hata raia mbele ya maofisa wasiosomea sheria: kesi isiyozidi siku mbili, bila wakili, na kifo ndani ya saa 24.

Kenya ilibadilika kwa Katiba ya 2010, iliyoiweka mahakama ya kijeshi miongoni mwa mahakama za chini za nchi. Kwa sheria ya ulinzi ya 2012, kiti hukaliwa na hakimu, au wakili wa miaka isiyopungua kumi, aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Wanajeshi wamebaki kuwa wajumbe: wasiopungua watano akishtakiwa ofisa, na wasiopungua watatu akiwa askari wa kawaida. Rufaa huenda Mahakama Kuu. Mageuzi haya yalichelewa mno, nayo ni ya haki. Bunge lisikubali kuyalegeza siku nchi itakaposhikwa na hofu, kama ilivyofanya Urusi.