Mfahamu Profesa Ronald Takaki

Wadau, leo nawaletea Profesa Ronald Takaki wa Marekani. Huyu alifundisha historia za watu ambao vitabu vya shule vya kwao viliwaruka: weusi, Walatino, Waasia na wenyeji wa asili.

Alizaliwa Hawaii mwaka 1939, mjukuu wa vibarua wa Kijapani wa mashamba ya miwa. Miaka ya 1960 akafundisha UCLA somo la kwanza la historia ya weusi chuoni hapo. Baadaye akahamia Berkeley, akakaa zaidi ya miaka 30. Alikuwa mstari wa mbele mpaka mwaka 1989 chuo kikapitisha kwamba kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima asome angalau somo moja linalolinganisha jamii hizo. Alifariki 2009.

Katika kitabu chake A Different Mirror (1993) anasimulia dereva teksi aliyemuuliza ana muda gani Marekani, eti Kiingereza chake safi sana. Jamaa kazaliwa hapo hapo, na ukoo wake una miaka zaidi ya 100!

Mimi naona hapo ndipo penye kazi yake yote. Historia ya nchi yako ikikuruka, utaulizwa umetoka wapi mpaka uzeeni. Wadau mnasemaje?