Kiholanzi: Ukisema 'nimeishi hapa miaka mitano' wataelewa ulishahama

Anayejifunza Kiholanzi akitokea kwenye Kiingereza hufurahi mwanzoni. Maji ni "water", mkono ni "hand", kama Kiingereza tu. Shida inaanza kwenye vitenzi.

Chukua mtu anayetaka uraia wa Uholanzi, ambao kwa kawaida huombwa baada ya kuishi nchini miaka 5. Anaulizwa yupo tangu lini, anajibu kwa kufuata Kiingereza: "Ik heb hier vijf jaar gewoond." Sarufi iko sawa kabisa, ila Mholanzi anaelewa kwamba aliishi hapo miaka mitano kisha akaondoka! Alitakiwa kusema "Ik woon hier al vijf jaar": kitenzi cha wakati uliopo, pamoja na kijineno "al", yaani tayari. Jambo ambalo bado linaendelea husemwa hivyo. Mswahili naye aangalie, maana "nimekaa" yetu humtumbukiza shimo lilelile.

Umbo la "heb" na "ge-" lina kazi nyingine kubwa: kusimulia yaliyopita. "Ik heb gisteren een fiets gekocht", nilinunua baiskeli jana. Kwa Kiingereza umbo hilo halikai na "jana". Kwa Kiholanzi ndiyo lugha ya kila siku. Kitenzi cha kwenda mahali au kubadilika hali mara nyingi huchukua "zijn" badala ya "hebben": "Ik ben naar Utrecht gegaan." Wakati ujao hausumbui, wakati uliopo unatosha: "Ik bel je morgen", nitakupigia kesho.

Sasa mpangilio. Katika sentensi kuu ya maelezo, kitenzi kinachobeba nafsi hukaa nafasi ya pili, na kile kingine, kama "gekocht", husukumwa mwisho. Ukianza na "kesho", mtendaji ndiye anayepisha: "Morgen ga ik naar Utrecht", siyo "Morgen ik ga". Nafasi ya pili si lazima iwe neno la pili. "Volgende week", wiki ijayo, ni maneno mawili yenye nafasi moja.

Likitangulia "omdat", kwa sababu, hata kitenzi hicho kinakwenda mwisho: "omdat ik ziek ben", kwa sababu naumwa. "Want" nayo ni kwa sababu, lakini haihamishi kitu: "want ik ben ziek". Anayeanza akihofia kukwama katikati ya sentensi, atumie "want".