Vitanda vya Taa na Sheria ya Australia

Leo tutasoma habari za kitanda kisicholaliwa kwa usingizi. Kina taa kali juu na chini. Watu weupe hulala humo ili ngozi yao igeuke rangi ya kahawia, waonekane wazuri. Lakini taa hizo hutoa mionzi kama ile ya jua, nayo huweza kuleta saratani ya ngozi.

Australia ni nchi ya jua kali, na saratani hiyo ni nyingi huko. Clare Oliver, msichana wa Melbourne, alikuwa amevitumia vitanda hivyo. Akapata saratani ya ngozi, akafa mwaka 2007, umri wake miaka 26. Siku zake za mwisho aliwaonya vijana wenzake hadharani.

Onyo lake halikupotea bure. Mwaka 2008 serikali ya jimbo la Victoria iliwakataza walio chini ya miaka 18, na wenye ngozi nyeupe sana, kulala katika vitanda vya biashara. Mwaka 2009 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliviweka katika kundi moja na tumbaku, yaani vitu vinavyoleta saratani kwa hakika. Mwisho wa mwaka 2014 Victoria ikaipiga marufuku biashara hiyo kabisa.

Basi mmeona: kwanza onyo, kisha masharti, mwisho katazo. Sasa jadilianeni darasani: mtu mzima akitaka kujidhuru kwa fedha yake, je, serikali imzuie? Na yule anayemwuzia madhara hayo?