Uzi: Filamu za jeshi, kisonono, na swali la nani alaumiwe

1/ Mjadala wa afya na maadili ukipamba moto hapa Kenya, hakosi mtu wa kusema: "Wanaosambaza magonjwa wakamatwe, wapimwe kwa lazima!" Watu wanapiga makofi. Kabla hujapiga yako, tuangalie jeshi lililojaribu njia hiyo.

2/ Mwaka 1918, Vita vya Kwanza. Jeshi la Marekani likaonyesha askari filamu ya Fit to Fight: vijana watano wanaitwa vitani, na yanayowapata wakienda kwa makahaba. Kaswende na kisonono zilikuwa zinalaza askari hospitalini kabla hata ya kuona adui.

3/ Vita vya Pili, kazi akapewa John Ford, yule wa sinema za cowboy. Filamu yake, Sex Hygiene, inaonyesha vidonda waziwazi. Lengo ni moja tu: uogope.

4/ Tuseme ukweli, zilikuwa na mazuri. Ugonjwa ulitajwa kwa jina, na askari akaambiwa aende kituo cha dawa haraka. Wengi wetu shuleni hatukuambiwa hata hayo.

5/ Shida ni hii: ndani ya filamu, mwanamke ndiye ugonjwa. Na nje ya filamu, wakati wa vita vile vya kwanza, maelfu ya wanawake Marekani walikamatwa, wakapimwa kwa nguvu, wakafungiwa.

6/ Askari naye alikatwa mshahara kwa siku alizougua. Sasa wewe ungejitokeza? Watu walificha. Mwaka 1944 sheria hiyo ikafutwa. Penisilini ilikuwa imeanza kupatikana, na jeshi lilitaka mgonjwa aje mwenyewe.

7/ Hapa kwetu, kifungu cha 24 cha sheria ya HIV ya 2006 kilitishia jela kwa mwenye kuambukiza. Machi 2015 Mahakama Kuu ikakitupa: hakieleweki, na kinaingilia faragha. Fikiria pia nani hupimwa kwanza nyumbani. Ni mama mjamzito, kliniki. Wa kwanza kujua, wa kwanza kushtakiwa.

8/ Sisi wa Eldoret tuna kambi wanakofunzwa makurutu wa KDF, na tuna kliniki za AMPATH tangu 2001. Mtu huingia kliniki akiamini hataaibishwa. Kwa hivyo mgombea akija na lile la "wakamatwe", muulize tu: ukishawatisha wote, nani atakuja kupimwa?