Njia za Siri Ndani ya Chembe ya Damu

Msomaji kijana, huenda umewahi kutetemeka kitandani kwa homa ya malaria, au kumwuguza ndugu yako aliyepatwa nayo. Je, umepata kujiuliza jinsi kiumbe chenye chembe moja tu kiwezavyo kumwangusha mtu mzima?

Tarehe 6 Novemba 1880, huko Constantine katika nchi ya Algeria, tabibu wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini, akaona vimelea vyenye nyuzi zilizotikisika. Hivyo adui alijulikana kwa sura. Hila zake zilikuwa bado siri.

Mwaka wa 1902 tabibu Mjerumani aliyefanya kazi Sumatra, Georg Maurer, alieleza madoa aliyoyaona katika chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea vya malaria kali. Madoa yakaitwa kwa jina lake, lakini kazi yake haikufahamika kwa miaka mingi.

Yafaa ujue kwamba chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, wala haina vyombo vya kutengenezea na kusafirishia protini. Ni kama nchi isiyo na barabara. Kimelea kikiingia humo hukaa ndani ya kifuko, nacho hakina budi kujijengea njia. Madoa ya Maurer ni kama vituo vya njiani, ambamo shehena hupitia kabla ya kufika juu ya chembe.

Lakini shehena hupangwaje? Mwaka wa 2004 makundi mawili ya wataalamu yalitangaza kwamba protini nyingi zitokazo katika kimelea zina alama fupi, mfano wa anwani juu ya barua. Mwaka wa 2009 ukatajwa mtambo uliodhaniwa kuwa mlango katika utando wa kifuko. Majaribio ya mwaka wa 2014 yakathibitisha hivyo.

Protini mojawapo ikifika juu hunata katika kuta za mishipa, ili chembe isipite katika wengu, ambako chembe mbovu huharibiwa. Mishipa ya ubongo ikizibwa hivyo, mgonjwa hupoteza fahamu, na wengi, hasa watoto, hufa.

Basi, mlango ukishajulikana huweza kutafutiwa komeo, na kazi hiyo ingali inaendelea. Kumbuka pia kwamba madoa yale yalingoja miaka mingi kabla ya kueleweka. Nawe ukiona katika hadubini jambo usilolielewa, usilipuuze, liandike. Haba na haba hujaza kibaba.