Sura ya Mpita Njia

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 1898, saa chache baada ya kufariki Otto von Bismarck, ambaye sisi watu wa pwani hii twamjua zaidi kwa ule mkutano wake wa Berlin, wapiga picha wawili waliokuwa wamemhonga mtu wa pale ili awape habari waliingia kwa siri nyumbani kwake Friedrichsruh, karibu na Hamburg, wakawasha unga wa magnesiamu, wakaipiga picha maiti ya mzee huyo kitandani, hali hana tena wa kumstiri. Jamaa zake walishtaki. Lakini mahakama kuu, ilipotoa hukumu mwaka 1899, haikuona sharia ya kuihifadhi sura ya mtu, ikabidi kuegemea kosa la kuingia nyumba ya watu bila ya idhini.

Fedheha hiyo ndiyo iliyochochea kutungwa sharia ya Ujerumani ya 1907, iliyokataza sura ya mtu kutangazwa bila ya ridhaa yake, au, kwa miaka 10 baada ya kufa kwake, bila ya ridhaa ya jamaa zake. Ila uliachwa mlango: aliyetokea pichani kwa sadfa tu, pembeni mwa mahali palipokusudiwa, hana dai. Kwa zama zile rai hiyo ilikuwa ya insafu, kwani mpiga picha alisimama na kamera yake ya miguu mitatu mchana kweupe, na asiyependa aligeuza uso akaenda zake.

Kwa mlango huo lingeweza kupita gari la Google, lililoanza kuonyesha njia za Marekani mwaka 2007, likipiga picha pande zote pasi na kumkusudia yeyote wala kumsaza yeyote. Mwaka wa pili mashine ikapewa kazi ya kuzitia ukungu nyuso. Na kabla ya miji 20 ya Ujerumani kuonyeshwa mwaka 2010, wenyeji wa makazi yapatayo 244,000 walitaka hata nyumba zao zifichwe, jambo ambalo wengine walilicheka, nami silicheki.

Uswisi, mahakama ya shirikisho iliamua mwaka 2012 kwamba mashine ikikosea kwa asilimia 1 hivi yaweza kuvumiliwa, ila mbele ya shule, hospitali, magereza na nyumba za kuwahifadhi wanawake ukungu wa uso hautoshi: yapasa kufichwa pia rangi ya ngozi, mavazi, na hata vyombo vya kumsaidia kiwete kwenda, kwani jirani humtambua mtu kwa hayo kabla hajamwona uso.