Kati ya Runinga na Kompyuta: Skrini Bapa Pana na Mgogoro wa Jina Lake, 1977–2010

Katika maandishi mengi kuhusu historia ya vyombo vya kielektroniki, runinga na kiwambo cha kompyuta huelezwa kuwa vitu viwili vilivyokua kando kwa kando hadi vilipokutana mwanzoni mwa karne ya 21. Maelezo hayo yana upungufu. Kompyuta za nyumbani zilianza maisha yake zikitegemea runinga, zikaachana nayo, kisha zikairejea. Katika marejeo hayo kilichobadilika si kioo peke yake. Liliibuka pia swali la nani mwenye mamlaka ya kukipa kioo hicho jina, kwa kuwa kila jina lilikuwa na bei yake forodhani.

Kompyuta ya Apple II, iliyotolewa mwaka 1977, iliweza kutumika na runinga ambayo mnunuzi tayari alikuwa nayo sebuleni. Kanuni za Marekani kuhusu mwingiliano wa mawimbi ya redio ziliifanya kampuni hiyo isiambatanishe kifaa cha kuunganishia. Kiliuzwa kando na wengine. Nchini Uingereza, ZX Spectrum ya mwaka 1982 ilichomekwa kwenye tundu la antena, na mtumiaji akaitafuta picha yake kama mtu atafutaye kituo cha matangazo. Unafuu huo ulikuwa na gharama. Apple II ilionesha herufi 40 kwa mstari, na Spectrum 32. Runinga ya mfumo wa PAL ilichora mistari 625 kwa awamu mbili, mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye, hivyo mstari mwembamba uliosimama mahali pamoja ulimetameta machoni. Filamu haikudhurika sana na jambo hilo, lakini hesabu za ofisi zilidhurika.

Mwaka 1981 IBM ikatoa kompyuta yake pamoja na kiwambo mahsusi cha herufi 80 kwa mistari 25. Mfumo wa VGA wa mwaka 1987 uliichora picha yote kwa awamu moja, kwa kasi ya mistari inayokaribia maradufu ya ile ya runinga. Tangu hapo runinga ya kawaida haikuweza tena kuipokea picha ya kompyuta bila mkalimani.

Msingi wa marejeo uliwekwa na watu wa picha, si wa hesabu. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Marekani, Kerns Powers, alipendekeza uwiano wa 16:9 kama umbo la kati linaloweza kubeba picha ya zamani ya 4:3 na filamu pana za sinema bila kuonea upande wowote. Teknolojia ya skrini bapa ilipokomaa, uwiano huo ukawa umbo la kawaida la runinga mpya. Kwa upande wa kebo, kiunganishi cha DVI kilitangazwa mwaka 1999 kwa ajili ya kompyuta, na HDMI mwishoni mwa 2002 kwa ajili ya sebule. Viwili hivi hupeleka picha kwa lugha ileile ya kidijitali, kiasi kwamba adapta ndogo isiyo na akili yoyote ndani yake hutosha kuviunganisha.

Hata hivyo, kioo kipya kilirithi tabia za kioo cha kale. Katika runinga za mrija, ukubwa wa picha ulibadilika kidogo kwa umri wa chombo na hali ya umeme. Kwa hiyo watengenezaji waliikuza picha hadi kingo zake zikafichwa nyuma ya fremu, na watangazaji wakazoea kutoweka maandishi pembeni. Skrini bapa haina udhaifu huo, kwani kila pikseli ina mahali pake pasipohama. Lakini runinga nyingi bapa ziliendelea kuikuza picha. Mtumiaji aliyeunganisha kompyuta aliona upau wa chini wa programu umekatwa, na herufi zimefifia. Kuna pia kisa cha 1366 kwa 768. Namba hiyo ilipatikana kwa kuchukua mistari 768 ya kompyuta na kuitanua hadi 16:9. Lakini 1366 haigawanyiki kwa 8, hivyo kadi nyingi za picha zilitoa 1360 na kuacha ukanda mweusi pembeni. Ni ajabu kwamba kipimo kilichozaliwa kwa nia ya kupatanisha pande mbili hakikukaa sawasawa upande wowote.

Umbali wa kutazamia nao ulikuwa na neno. Skrini ya inchi 32 yenye pikseli hizo ina takriban pikseli 49 kwa inchi. Ile ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina takriban 92. Ya kwanza hupendeza kutoka kwenye kochi. Mezani, herufi zake huonekana kama shanga.

Mgogoro wenye uzito zaidi ulitokea forodhani. Kwa Azimio la Mawaziri la Singapore la Desemba 1996, nchi kadhaa zilikubali kuondoa ushuru kwa bidhaa za teknolojia ya habari, viwambo vya kompyuta vikiwemo. Runinga hazikuwemo. Jumuiya ya Ulaya ilichukulia kwamba kiwambo bapa chenye DVI kinaweza kupokea picha kutoka kwa vyombo vingine, hivyo kikatozwa asilimia 14. Mwaka 2005 ushuru huo ulisimamishwa kwa viwambo vyenye ulalo usiozidi sentimita 48.5 na uwiano wa 4:3 au 5:4. Kwa maneno mengine, upana wenyewe ukawa ushahidi: kilicho kipana kilishukiwa kuwa runinga.

Katika shauri la Kamino, lililotoka Uholanzi, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua Februari 2009 kwamba kiwambo hakiwezi kunyimwa jina la kiwambo cha kompyuta kwa sababu tu kinaweza pia kuonesha picha kutoka kwingine. Lililopaswa kupimwa ni kazi yake kuu. Wakati huo Marekani, Japani na Taiwan zilikuwa zimekwisha kuishtaki Jumuiya hiyo mbele ya Shirika la Biashara Duniani, mwaka 2008. Jopo lilitoa uamuzi wake Agosti 2010 na kuzipa ushindi nchi zilizolalamika. Uamuzi huo haukukatiwa rufaa. Kufikia mwaka huo viwanda vya viwambo navyo vilikuwa vikiuacha uwiano wa 16:10 na kuhamia 16:9, ili vioo vya meza na vya sebule vikatwe kwa vipimo vinavyolingana.